Punje Kumi na Tisa

Kaeni chini, wanangu. Na wewe kifunguamimba uliyesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima ungo, kaa pia, na hiyo simu itie mfukoni, maana wanaokupigia watakupata kesho na keshokutwa, ila mimi kesho sina uhakika nayo. Wewe mwanangu mshonaji, chukua daftari la kumi na moja, lile la jalada la kijani, fungua pale mwandiko wangu ulipoishia, ruka mstari mmoja, uandike ninayosema kama ninavyoyasema. Usinipambe. Nikitukana, andika tusi, na nikinyamaza kupumua, ngojea, usije ukajaza nafasi kwa maneno yako ya huruma. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri naujua kuliko wengi walioutungia digrii.

Nianze na mali, maana mtu akisikia neno wosia, sikio moja linamsikiliza marehemu mtarajiwa na jingine linahesabu mabati. Nyumba hii ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, na atakayejenga ukuta katikati ajue nitakuwa chini yake nausukuma. Saa za ukutani za baba yenu, zile tatu alizokuwa akizitengeneza alipofariki, gawaneni mpendavyo, hakuna hata moja inayosema kweli. Kitanda hiki kichomeni. Nguo zangu apewe zitakayemtosha, na asipopatikana zipigiwe deki. Mali ndiyo hiyo, imekwisha. Kilichobaki ni chumba cha nyuma, na kuhusu chumba cha nyuma nina hasira, kwa hiyo mnivumilie, kwa sababu hasira ndiyo iliyonikalisha kitako tangu alfajiri, si ile dawa ya kijiko.

Mmekulia nje ya mlango wa chumba kile. Mlivuliwa viatu, mkakatazwa kuruka kamba ukumbini saa nne asubuhi, mkachapwa mlipogonga ukuta kwa mpira, na majirani wakasema mama yenu anafuga jini. Sikuwajibu, kwa sababu jini angekuwa na faida kwangu, watu wangeniogopa. Lakini sikuwahi kuwaambia kwa mpangilio kitu kile kilianzaje, na kosa hilo ni langu, liandikwe.

Niliajiriwa ofisi ya vipimo kufagia. Si kusoma, si kuandika, kufagia, na ufagio nilipewa kwa kutia sahihi. Chini kabisa ya jengo lile kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani yake fundi mzee tuliyemwita Mzee Kimya, kwa kuwa ukikohoa mlangoni pake alikutazama kama umekanyaga kaburi la baba yake. Alikuwa na chupa nne za kioo, kila moja ina miguu miwili kama suruali ya mtoto, chini ya kila mguu zebaki, juu yake chumvi za rangi rangi, na zote nne zimesimama ndani ya mafuta yenye joto lisilobadilika mchana wala usiku. Chupa hizo ndizo zilizokuwa volti ya nchi nzima, kipimo mama cha nguvu ya umeme. Sikilizeni vizuri: mita ya fundi redio, kile kidude cha kupimia umeme, imejifunza kusoma kutoka kwa mita nyingine iliyo bora kuliko hiyo, nayo hiyo imejifunza kwa nyingine, mpaka ufike mahali ambapo kitu hakimwigi mtu yeyote, kinajua tu chenyewe kilivyo. Mahali hapo palikuwa zile chupa, na aliyezifagilia sakafu nilikuwa mimi.

Siku moja Mzee Kimya akaniita mbele ya kioo kidogo kilichorusha mwanga kwenye mistari ya ukutani, kuonyesha chupa mbili zinatofautiana kiasi gani. “Binti, unaona nini pale ukutani?”

“Naona doa la mwanga, mzee.”

“Liko wapi?”

“Limepita mstari wa saba, halijafika wa nane.”

“Limepita kwa kiasi gani?”

“Kwa unene wa unywele. Wa kwangu lakini, si wa kwako, wewe huna.”

Akacheka, nikashtuka, maana sikujua kwamba ana meno. Kumbe macho yake yalikuwa yamekwisha kufa kwa karibu miaka miwili na alikuwa akikisia. Akaniambia kuanzia siku ile ufagio ni wa asubuhi na macho ni ya saa nne, na kwa miaka tisa mimi nilisoma, yeye akaandika, na jina lililokuwa chini ya ukurasa lilikuwa lake. Sikulalamika. Alinilipa kwa kunifundisha, na hayo mafundisho ndiyo ninayokufa nayo hapa. Alinifundisha kwamba chupa hailazwi, kwa sababu ukiilaza zebaki na chumvi vinachanganyika nayo inaanza kuropoka. Kwamba hainyonywi umeme hata wa kuwasha kijitaa, kwani yenyewe imewekwa iulizwe swali, haikuwekwa ifanye kazi. Na kwamba kipimo cha zamani hakirekebishwi. Hilo la mwisho alilisema mara nyingi mpaka nikadhani ni dua. “Kipimo cha zamani ni kama mzee,” alisema, “kasoro haikosi, ila kasoro yake inajulikana. Mwenye saa inayochelewa dakika tano kila siku, naye anajua, hakosi gari. Anayeachwa na gari ni yule mwenye saa inayochelewa leo na kuwahi kesho. Wewe usiiguse saa. Andika tu pembeni: dakika tano.”

Basi Mzee Kimya akastaafu, akaja mkuu mpya, tukamwita Bwana Tai, kwani shingo yake bila tai hatukuwahi kuiona. Akasema haifai kitu cha thamani vile kukaa chini gizani ambako wageni hawakioni, kihamishiwe jengo jipya, ghorofani, penye kiyoyozi na zulia. Nikamkuta uani anazilaza chupa kwenye buti ya gari lake, zimefungwa kwa blanketi kama kitoto kichanga. Nikamwambia, “Samahani bwana mkubwa, hizo hazilazwi.” Akanitazama ufagio kwanza, halafu miguu, halafu uso, kwa mpangilio huo, akaniambia, “Mama, kila mtu ashike kilichomleta kazini.” Nikashika ufagio. Mkono usioweza kuukata utaubusu, wanasema wahenga. Mimi sikuubusu, lakini niliutazama ukifunga buti.

Wiki ile ile chupa zikaanza kuropoka. Mita za nchi nzima zikarudishwa zina malalamiko. Wakubwa wakauliza, na Bwana Tai akaandika ripoti ya kurasa nne, na katika ukurasa wa tatu akaandika kwamba chupa ziligongwa na ufagio kwa uzembe wa mfagizi. Barua ya kunifukuza iko kwenye kopo la biskuti, chini ya vitambaa, mtaisoma wenyewe. Uzembe wa mfagizi. Maneno matatu. Nimeyabeba miaka thelathini na mmoja, na mtu akiniambia yaliyopita si ndwele, namwambia ndwele ni yako? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Zile chupa zikatupwa uani pamoja na viti vilivyovunjika. Nikamwomba mtunza ghala, naye alikuwa na haya kidogo usoni, akaniandikia karatasi: vioo vibovu, vinne. Nilizibeba kwa ndoo, mbili leo na mbili kesho, zimesimama, kwa miguu kutoka ofisini hadi hapa, kwa sababu gari lingezitikisa, na njia nzima nilitembea kama bibi harusi anayeogopa viatu. Watu walinipigia mluzi. Baba yenu, fundi saa, hakuniuliza nimeleta takataka gani. Aliniuliza zinataka joto kiasi gani. Ndiyo maana niliolewa naye, mkitaka kujua. Akachukua debe, akalitia mafuta, akalizungushia sanduku la mbao lililoshindiliwa sufi, akang'oa kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga, akatia taa ndogo ya kupashia na betri ya gari kwa siku za umeme kukatika. Tukaziacha. Miezi minane sikuzigusa, nilizisalimia tu. Mwezi wa tisa nikazisoma, moja kwa nyingine, kwa kioo cha mwanga alichonitengenezea baba yenu, na tatu kati yake zilikuwa zimetulia kama hazikuwahi kulazwa na mpumbavu. Ya nne haikupona vizuri mpaka leo, tunaiita Kiwete, lakini Kiwete naye anachechemea kwa mwendo mmoja, kwa hiyo anategemeka kuliko watu wengi ninaowajua, na wengine wamo humu ndani.

Toka siku ile, kila siku saa nne asubuhi, nimesoma chupa. Mafundi wakaanza kuja na mita zao: wa redio, wa hospitali, yule mwalimu wa chuo cha ufundi ambaye kila mwaka wa pili hupeleka mita yake maabara kuu, na akirudi hupita kwangu kabla hajafika kwake, ili tuone chupa zangu bado ziko na akili zao. Na ziko. Halafu tukapata lile sanduku la kijivu kwa muuza vyuma chakavu, kipimo cha kizamani cha volti kumi, tukalitengeneza mimi na baba yenu miezi minne, ili mita za watu zilinganishwe nalo, chupa zisisumbuliwe. Volti kumi zake hazikuwa kumi kamili. Zilipungua kidogo: chukua gunia lenye punje milioni moja, toa punje kumi na tisa, ndiyo upungufu wake. Miaka ishirini na sita, kila mwanzo wa mwezi nililiweka mbele ya chupa, na kila mwezi punje kumi na tisa, pengine kumi na nane na nusu wakati wa baridi. Nikabandika karatasi juu ya kifuniko, kwa mwandiko wangu: LIMEPUNGUA KUMI NA TISA. USIGUSE SKRUBU. Na tundu la skrubu ya kurekebishia nikalifunga kwa lakiri, nikaigonga kwa muhuri ambao baba yenu alipigia saa za wateja.

Sasa tumefika kwako, kifunguamimba. Usitazame dari, dari lina utando tu.

Nilipolazwa siku zile kumi na moja, dada yako alifunga cherehani yake, akakaa katika chumba changu, akasoma chupa kila siku saa nne, na wenye mita walipokuja akawalinganishia na sanduku kama nilivyomfundisha, akawaandikia karatasi: ongezeni kumi na tisa. Wewe ukaja siku ya kwanza jioni yeye akiwa ameniletea chakula, una mita mpya ya ofisini, inang'aa, ina cheti. Ukaiunganisha kwenye sanduku langu, ikakuonyesha tisa nukta tisa tisa tisa na mikia yake. Na wewe, injinia, mkuu wa ofisi ile ile, unayekalia kiti kile kile cha Bwana Tai, hukuweza kuvumilia. Ulibandua karatasi yangu ukaitupa, ukavunja lakiri kwa kisu, ukaigeuza skrubu mpaka sufuri zote zikajipanga mstari kama wanafunzi mbele ya bendera. Hukumwambia hata dada yako. Ulitaka iwe zawadi ya kunishtukiza nikitoka hospitali.

Nakumbuka ulivyosema, umekaa hapo hapo: “Mama, nimekutengenezea sanduku lako. Sasa linasoma kumi kamili.” Na ulikuwa unatabasamu, hilo ndilo lililonikata maini, ulikuwa mtoto wa miaka sita aliyeosha redio kwa sabuni. Sikukupiga kwa sababu mkono ulikuwa na sindano ya dripu hadi asubuhi ile.

Hukulitengeneza. Ulilifuta. Miaka ishirini na sita ya mimi kujua kasoro yake uliifuta kwa bisibisi, kwa kuwa namba isiyo kamili inakuwasha. Na skrubu ya zamani ikisumbuliwa hailali tena upesi. Tangu siku ile sanduku linatembea kama mlevi, leo punje tano huku, kesho punje nane kule. Na dada yako, ambaye hakuwa na habari na alidhani karatasi na lakiri nilivitoa mwenyewe, aliwapa watu sita karatasi za kuongeza kumi na tisa kwenye kitu kilichokwisha kuongezwa. Sita. Nilipolipima jioni ile, kabla sijamwambia ulichofanya, yeye ndiye aliyelia, akidhani amekosea kusoma. Aliyemwaga maji yuko kazini kwake kavu, anayelowa ni mpiga deki.

Mtaniambia punje kumi na tisa kwa milioni haiui mtu. Ni kweli, haiui. Hakuna atakayezikwa kwa sababu yake. Lakini watu hao hawakuja kwangu kutafuta kitu kisichoua. Kitu hicho wangekipata sokoni. Walikuja kwa sababu karatasi ya mfagizi aliyefukuzwa haijawahi kusema uongo, na ikisema uongo mara sita bila mtu kujitokeza, basi imesema uongo mara zote, na Bwana Tai ameshinda akiwa kaburini.

Nikakuambia nenda. Majina sita, milango sita, useme kwa kinywa chako: skrubu niliigeuza mimi, rudisheni mita zenu. Ukasema nitakwenda mama, wiki hii kuna kikao. Dada yako akataka kwenda, nikamkataza, kwa sababu nilitaka uende wewe, na miezi mitatu imepita kwa ukaidi wangu huo huku watu sita wakipima kwa karatasi mbovu. Hilo nalo ni kosa langu. Liandike, mama. Umeandika? Haya.

Ningekufa na hilo nikanyamaza. Lakini juzi mwalimu wa chuo alikuja kunijulia hali, ameleta machungwa, mtu mwema, hana ubaya hata wa kukunja shati. Akaniambia alikwenda ofisini kwako kukuuliza mbona mita yake hailingani na kitu chochote tangu atoke kwangu. Akaniambia ulivyomjibu. Alifikiri ananifariji, maskini. “Usijali mama,” akaniambia, “mwanao amenieleza kwamba umri umekwenda, mikono inatetemeka, huenda uligusa mahali bila kujua. Sisi wote tutafika huko.”

Mikono inatetemeka.

Nipeni maji. Hapana, si mengi.

Tazama mkono huu. Ndiyo, unatetemeka. Una miaka sabini na umekufulia nepi. Lakini saa nne ulikuwa hautetemeki, na wewe unajua, kwa sababu ulikuwa unachungulia kwenye tundu la mlango ukiwa mdogo nami nilikuona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, nikadhani wanasema juu ya chawa. Nilidhani nimemwacha Bwana Tai kwenye ile ofisi, kumbe nilimnyonyesha. Ufagio ule ule, mwanangu. Yeye aliandika kwa wino na wewe umesema kwa mdomo, tofauti yenu ni karatasi. Chupa zikiropoka, mlaumu mfagizi. Sanduku likilewa, mlaumu bibi kizee. Mwanamke ndiye kapu la ofisi, kila mwenye takataka anatupia humo.

Usiniambie pole. Pole ni ya mtu aliyejikwaa.

Nisikilizeni sasa, maana kifua kinabana na sitarudia. Chumba cha nyuma, chupa nne, sanduku, madaftari kumi na moja na vyombo vyote ni vya mshonaji. Si kwa sababu ni mtoto mwema, ana kiburi na anachelewesha nguo za watu. Ni kwa sababu siku zote kumi na moja aliandika alichokiona, hata pale alipodhani kinamwaibisha. Wewe kifunguamimba nusu ya nyumba haikuondoki. Laana sikupi, laana ni rahisi, mtu analaaniwa anakwenda kazini kama kawaida. Mimi nakupa kazi. Majina sita yako ukurasa wa arobaini. Utakwenda kwa miguu yako kwa kila mmoja, bila dereva, bila barua yenye nembo, na kila mmoja atatia sahihi katika daftari hili kwamba amesikia kutoka kwako. Utaanza na mwalimu. Mpaka sahihi ya sita iwemo, mlango wa chumba kile usiuvuke, hata nyumba ikiwaka moto, wapite wazima moto.

Na usidhani nakuhukumu kwa mizani ambayo mimi sijapanda. Mshonaji, fungua daftari la saba, ukurasa wa siku ya harusi yako. Unaona namba za siku ile? Ni za jana yake. Sikusoma. Nilikuwa nakufunga kilemba cha kichwani kikawa hakikai, saa nne ikapita, na usiku nikaona haya kuacha mstari mtupu, nikanakili. Katika miaka thelathini na mmoja ndio uongo wangu pekee, na kila nikipita ukurasa ule kidole kinaniwasha. Mara ngapi nimeshika wembe niuchane! Usiuchane. Usiufute. Andika pembeni: siku hii haikusomwa, aliyeandika alidanganya. Tia na jina langu la kuitwa na majirani, Mama Kimya, walinirithisha la mzee wangu bila kuniuliza. Haya, limekwisha. Mnaona? Halijaniua. Mficha maradhi ndiye kifo humuumbua. Mimi kitanikuta nimekwisha kujiumbua mwenyewe.

Sasa mpe kaka yako kalamu. Mpe. Wewe, andika leo hapa, mbele yangu, ulichofanya kwenye lile sanduku. Kwa mkono wako.

Ameandika nini? Nisomee.

“Skrubu ya sanduku iliguswa wakati mama yuko hospitali.” Iliguswa! Iliguswa na nani, panya? Panya gani anayetembea na bisibisi na cheti? Miaka yote ya shule niliyokulipia kwa kulinganisha mita za watu, na bado hujui kuandika neno mimi? Usikate huo mstari. Uache hapo hapo, watu wauone. Andika mwingine chini yake.

Nangojea. Nilingojea chupa miezi minane, wewe huwezi kunishinda.

Nisomee tena, mama. Polepole, masikio yanaziba.

“Skrubu niliigeuza mimi. Nilimwambia mwalimu ni mikono ya mama. Haikuwa mikono ya mama.”

Haya.

Haya, hiyo ni kazi. Sasa ni mistari miwili, wa kwanza umepotoka na wa pili unasema umepotoka kwa kiasi gani. Hivyo ndivyo daftari linavyotakiwa kuwa. Usilie kwenye karatasi, wino utatambaa. Futa pua. Huko nje bado ni asubuhi, na chuo cha ufundi hakifungwi mpaka saa nane. Utakwenda leo, utarudi, kama nipo utaniambia, na kama sipo utaniambia vilevile, mimi si mtu wa kukimbilia mbali.

Mengine ni madogo. Mafuta ya debe yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, yasipashwe ghafla. Betri itazamwe maji. Sanduku aliloligeuza lisigeuzwe kurudi. Liacheni lilewe mpaka lichoke, pengine mwaka, pengine miwili, halafu mlipime kila mwezi kuanzia mwanzo na kasoro yake mpya mtaijua, nayo itakuwa nzuri kama ile ya zamani, ilimradi mtu asiione aibu. Barua ya Bwana Tai msiichome. Ibandikeni ndani ya daftari la kwanza, na pembeni yake andikeni: si kweli. Hayo maneno mawili yanatosha, hayahitaji kurasa nne. Na mimi mnizike mapema, bila hotuba, na asisimame mtu kusema nilikuwa mvumilivu. Sikuwa.

Saa ngapi? Si ile ya baba yenu, tazama ya mkononi.

Basi nenda, mshonaji. Vua viatu. Mlango uache wazi, niisikie swichi. Wewe kaa hapa ulipo, nishike huu mkono... unatetemeka, ndiyo, ushike hivyo hivyo, usiubane utulie.

Umefika? Subiri doa lisimame. Usilikimbilie... litakuja lenyewe.

Ya kwanza na ya pili?... Tatu. Vizuri. Ya kwanza na ya tatu?... Moja, na unywele. Wa nani, wa kwangu? Mm.

Na Kiwete?

Arobaini na mbili... jana arobaini na moja. Andika arobaini na mbili. Kama ilivyo.

Mungu awape mikono isiyotetemeka, wanangu. Na itakapotetemeka, awape ulimi wa kusema... inatetemeka.

Mlango... urudishe polepole.

Chupa... zimesimama?